Uchambuzi wa kisa: jaribio la mshumaa na siki, na karai lililoshika moto

Kuhusu kisa hiki

Kisa kilitokea katika nyumba ya kupanga kwenye mojawapo ya milima ya mawe jijini Mwanza. Familia imeridhia kiandikwe ili walimu, wazazi na wote wanaowasaidia watoto masomo ya nyumbani wajifunze. Majina ni ya kubuni. Mtaa, shule na tarehe nimeviacha. Mimi nafundisha sayansi shule ya msingi, nyingine na ile anayosoma mtoto huyu. Mama yake aliniomba nizungumze na binti yake baada ya tukio, na haya nimeyapata kwa mtoto mwenyewe, kwa mama, kwa mjomba aliyesimamia jaribio na kwa jirani aliyeuzima moto.

Usuli

Milembe yuko darasa la sita. Anaishi na mama yake na wadogo zake wawili katika vyumba viwili, na uwa wanautumia pamoja na wapangaji wengine. Kufika pale unaacha barabara, unapanda ngazi zilizochongwa kati ya majabali. Gari halifiki. Maji yanapanda kwa madumu.

Mama yake hukaanga sato na vipande vya sangara jioni, anauzia hapohapo nje, kwenye njia wanayopita watu wakitoka kazini. Karai lake ni la chuma, pana, linameza mafuta lita tatu hivi. Halina mfuniko. Makarai ya biashara kwa kawaida yanauzwa hivyo, na jambo hili dogo lina uzito kuliko linavyoonekana. Jirani yake wa mlango wa pili, nitakayemwita Mama Kulwa, amekaanga samaki na dagaa kwa kuuza miaka mingi, tangu enzi zake za soko la samaki la Mwaloni, Kirumba.

Shuleni Milembe alikuwa amefundishwa kwamba moto unahitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto na oksijeni. Kazi ya nyumbani ikawaambia wafanye jaribio la kuonyesha kwamba moto ukikosa oksijeni unazimika, kisha waandike walichoona. Haikutaja jaribio gani lifanywe wala kwamba mtu mzima awepo.

Jaribio la Jumamosi

Aliyesimamia ni mjomba wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne. Alikumbuka kuwa ukichanganya magadi soda ya kuokea na siki unapata kabonidayoksaidi, gesi ambayo wengi tunaiita hewa ukaa, na kwamba gesi hiyo inazima mshumaa.

Dukani alikwenda mwenyewe, na huko alifanya uamuzi mzuri ambao wengi wangeupita. Alikataa unga uliopimwa kwenye vifuko visivyo na maandishi, akachukua pakiti iliyofungwa kiwandani. Duka lilelile linauza kostiki kwa akina mama wanaotengeneza sabuni, na kwa macho matupu hauwezi kuapa kipi ni kipi. Kostiki ikigusa ngozi inaichoma, ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Mtoto aliyetumwa peke yake akaombe "magadi meupe" anaweza kurudi na kitu kisichofaa kabisa kukaa mikononi mwake.

Walianzia kibarazani, mchana. Mjomba alitia kijiko cha magadi kwenye jagi, akamimina siki, povu likapanda kisha likatulia. Akaliinamisha jagi taratibu juu ya mshumaa, kioevu kisitoke, gesi peke yake ishuke. Mshumaa ukaendelea kuwaka. Akarudia, hola. Wanaoishi milimani Mwanza wanajua mchana upepo unatoka ziwani, na upepo ule ulikuwa unaipeperusha gesi kabla haijaufikia utambi.

Wakahamia ndani, dirisha likiwa wazi. Wakachukua sufuria lenye kina, wakasimamisha ndani yake vipande vitatu vya mshumaa, kifupi, cha kati na kirefu, kila kimoja kimegandishwa kwa nta yake. Safari hii magadi yalinyunyizwa chini kabisa ya sufuria, siki ikatiririshwa ukingoni ili isiirukie mishumaa.

Milembe aliponisimulia sehemu hii aliinama, mikono imeshika ukingo wa sufuria ambalo halikuwepo. Povu lilitambaa chini bila kuugusa moto. Kipande kifupi kikaanza kuyumba. Mwali ukajinyoosha, ukaachana na utambi, ukapotea. Kikafuata cha kati. Kirefu kikabaki kinawaka mpaka siki ilipoongezwa. Kisha mjomba akateremsha njiti ya kiberiti inayowaka, nayo ikazimika ilipofika nusu ya kina cha sufuria. Moshi wake haukupanda. Ulijitandaza, ukaelea mlemle ndani, utando mwembamba uliolala usawa mmoja.

"Nikaona mwisho wake, mwalimu," aliniambia. Alimaanisha mwisho wa gesi, pale inapokutana na hewa. Nimefundisha mada hii muda mrefu, na ni watoto wachache wanaofika kuliona hilo kwa macho yao.

Aliyoyaona yana hesabu yake. Kijiko kimoja cha chai cha magadi soda ni kama gramu 5, na kinatosheka kwa siki ya kawaida mililita 75 hivi. Mchanganyiko huo unatoa gesi kama lita moja na nusu. Kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inakaa chini na kulijaza sufuria kutoka sakafuni kwenda juu, ikiisukuma hewa yenye oksijeni itoke. Ndiyo maana kipande kifupi kilitangulia kuzimika. Na ndiyo maana sufuria lenye kina linafaa kuliko beseni pana, ambalo gesi ya lita moja na nusu ingetandaa chini tu isiufikie mwali.

Jaribio lilikuwa limekamilika hapo. Lakini watoto wa uwani walishajaa mlangoni, na gesi isiyoonekana haiwashiki watoto kwa muda mrefu. Mjomba akaongeza onyesho la pili. Alitia siki kwenye chupa ya maji ya plastiki, akatumbukiza magadi yaliyofungwa kwenye karatasi ya chooni, akafunga kizibo alichokitoboa tundu, akaitikisa, akaielekeza kwenye mshumaa. Povu likaruka, mshumaa ukafa kwa mlio, watoto wakashangilia. "Huu ndio mtungi wa zimamoto," akawaambia.

Jioni ile Milembe aliandika daftarini: *Siki na magadi vikichanganywa vinazima moto.* Mwalimu wake akaweka tiki.

Jioni ya karai

Lilitokea mwezi huohuo. Mkaa ulikuwa umekolea na upepo unaupuliza. Ndani ya karai mlikuwa na mafuta yaliyokwisha kutumika mara kadhaa, na mafuta ya namna hiyo huanza kutoa moshi mapema kuliko mapya. Mteja alitoa noti kubwa, mama akaenda kutafuta chenji kwa jirani. Karai likabaki peke yake. Mdogo wake Milembe aliona moshi akadhani kuna samaki anaungua. Mara mwali ukapita juu ya mafuta yote.

Milembe hakukimbia wala hakupiga kelele. Aliingia ndani, akachukua siki iliyobaki na pakiti ya magadi, akavichanganya kwenye jagi, akatoka nalo likifoka povu. Mama yake alikuwa anarudi. Alipoona binti anainua jagi alimrukia akamvuta mkono, na sehemu kubwa ya mchanganyiko ikamwagika chini. Kiasi kidogo kiliingia kwenye karai.

Kiasi hicho kidogo kilitosha. Moto uliruka mpaka usawa wa bati la kibaraza, na mafuta yanayowaka yakamrukia mama kwenye mkono, kuanzia kiwiko hadi kifundo.

Mama Kulwa alikuwa anachambua mchele. Alipaza sauti, "Msimwage maji! Msimwage kitu!" Akaumwaga mchele chini, akaja na sinia lake. Alilisimamisha mbele yake limkinge uso, akaliegemeza kwenye ukingo wa karai ulio karibu naye, kisha akalilaza taratibu kuelekea mbele. Sinia lilikuwa dogo kuliko karai. Upande mmoja ulibaki wazi na mwali ukawa unatokea hapo. Akaitisha mfuniko wa sufuria kubwa la ubwabwa, akauziba upande ule. Moto ukafa. Akafunga kidirisha cha jiko, akakizibia kwa majivu ili mkaa ukose hewa.

Yalifuata mambo mawili ambayo nusura yaharibu kazi. Mpangaji mmoja alitaka kulibeba karai alitupe nje ya uwa. Mama Kulwa akasimama mbele yake, akamkatalia. Baada ya dakika chache kijana mwingine aliinua sinia achungulie kama moto umezimika kweli. Hewa ikaingia, mafuta yakashika upya. Wakafunika tena, na safari hii Mama Kulwa akavuta kigoda akakaa palepale mpaka mafuta yakapoa, usiku ukiwa umeingia.

Walivyoamua, na kwa nini

Milembe alitumia ushahidi aliokuwa nao. Alikuwa ameona mchanganyiko ule ukizima moto mbele ya macho yake, tena mara nyingi, ameuandika, na mwalimu ameukubali. Nilipomuuliza kwa nini hakumwita mtu kwanza, alijibu, "Nilijua dawa yake." Sioni utovu wa nidhamu hapo, wala ujinga. Mtoto aliyefundishwa kuchunguza na kutumia alichokiona alifanya hivyo hasa.

Mama alimvuta mtoto kwa sababu alijua maji na mafuta ya moto haviendi pamoja. Kila siku anasikia samaki mwenye maji anavyorusha mafuta. Lakini hakuwa na kitu karibu cha kufunikia.

Mama Kulwa aliwahi kuuona moto wa namna hii akiwa kazini. Anasema walichofundishana wakaangaji wenzake ni kufunika na kuacha. Hakuna aliyemweleza habari za oksijeni. Maarifa yake na maarifa ya daftari la Milembe ni yaleyale, na yalikuwa yanakaa milango miwili mbali bila kukutana.

Matokeo

Nyumba haikuungua. Mkono wa mama ulitoka malengelenge. Kulikuwa na waliotaka kuupaka dawa ya meno. Mjomba akakataa, akamtiririshia maji safi kutoka kwenye dumu, kikombe baada ya kikombe, kwa dakika ishirini hivi, kisha wakamshusha zahanati. Alitibiwa, akapona, alama ipo.

Milembe hakuungua, ila kwa wiki kadhaa aliambiwa uwani kwamba karibu achome nyumba. Akagoma kuwasha hata jiko la chai. Hilo ndilo lililomfanya mama yake aje kwangu, na ndilo lililoniuma zaidi katika kisa chote.

Uchambuzi

*Maonyesho mawili yalizima mshumaa kwa njia mbili tofauti, na hakuna aliyelisema hilo.* Ndani ya sufuria, gesi iliondoa oksijeni na utambi ukabaki mkavu. Kwenye chupa, kilichofanya kazi kubwa ni kulowana: siki ya kawaida ni maji karibu asilimia 95, na maji hayo yaliupoza utambi. Mtoto aliviunganisha vikawa kanuni moja, na lililomkaa kichwani ni lile lenye kishindo.

Historia inaunga mkono tofauti hii. Mwaka 1866 Mfaransa François Carlier alipata hataza ya mtungi wa kuzimia moto uliotumia bikabonati ya sodiamu, ambayo ni hii magadi soda, pamoja na asidi. Mitungi ya aina ile ilitumika miaka mingi. Ndani yake gesi ilikuwa msukumaji; kilichotoka na kuuzima moto ni maji. Ilifaa kwa mbao, karatasi na nguo. Kwa mafuta ilikuwa hatari. Kwa hiyo mjomba alikuwa na haki kuiita chupa yake mtungi wa zimamoto, ila ni mtungi wa moto wa aina nyingine.

*Mshumaa hauna akiba ya joto, karai linayo.* Mwali wa mshumaa ukitoweka, utambi unapoa mara moja, na oksijeni ikirudi hakuna cha kuuwasha tena. Mafuta ya kupikia yanaweza kujiwasha yenyewe yakifika nyuzi 350 hivi za Selsiasi. Lita tatu zilizofika huko, zikiwa bado juu ya mkaa, zinabaki na joto la kuwaka kwa muda mrefu baada ya mwali kupotea. Kijana aliyeinua sinia alilithibitisha hilo bila kukusudia. Kwa jiko la gesi ungezima swichi. Mkaa hauna swichi, na kufunga kidirisha kunapunguza tu. Basi mfuniko ukae mpaka mafuta yapoe, hata kama wateja wanasubiri.

Tena gesi ya jaribio ni lita moja na nusu. Juu ya karai linalowaka uwani, hewa ya moto inapanda kwa kasi na kuvuta hewa mpya kutoka pembeni. Gesi ile isingefika popote hata kama ingemiminwa bila tone la siki.

*Kilichoruka ni mvuke.* Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo yanazama. Yakikutana chini na mafuta ya nyuzi zaidi ya 300, yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke huchukua nafasi mara 1,700 hivi ya maji yaliyouzaa. Unasukuma mafuta juu vipande vipande, na kila tone linalowaka linapata hewa yake. Vijiko vichache vinatosha kuinua moto hadi kwenye bati. Gunia au kitambaa kinachochuruzika maji kina hatari ileile. Kama ni kitambaa, kiwe kizito na kimekamuliwa vizuri.

*Unga mweupe si mmoja.* Milembe aliniuliza kama angerusha magadi makavu tu. Swali zuri sana. Magadi soda yakipata joto yanatoa kabonidayoksaidi, na mengi yakimwagwa makavu juu ya moto mdogo wa mafuta yanaweza kuufunika. Lakini pakiti ya kuokea haitoshi karai la biashara, na inakulazimu usogee karibu. Kinachonitisha zaidi ni rafu ya jikoni, ambapo magadi yanakaa karibu na unga wa ngano. Unga ukirushwa kwenye mwali unawaka hewani kwa ghafla. Kwa mtoto jibu nililotoa ni moja: usirushe unga wowote.

*Kilichokwenda vizuri.* Kwanza pakiti iliyofungwa kiwandani na dirisha lililoachwa wazi. Kizibo kilitobolewa, maana chupa iliyofungwa kabisa ingeweza kupasuka usoni mwa mtoto. Usiku ule karai halikuhamishwa, na jeraha lilipozwa kwa maji kabla ya kitu kingine chochote.

*Kilichokosekana* ni simu. Hakuna aliyepiga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa sababu moto ulionekana kuwa mdogo, kisha ukaonekana umezimika. Mahali ambapo gari linaishia barabarani na mpira wa maji unapandishwa kwa miguu, kusubiri moto uwe mkubwa ni kuchelewa. Mmoja akifunika, mwingine awe ameshapiga.

Jaribio lilivyopangwa upya

Nililifanya na Milembe kwetu, mama yake na Mama Kulwa wakiwepo. Tulianza na sufuria na vipande vitatu vya mshumaa, vilevile. Kisha nikampa glasi aufunike mshumaa mmoja, akahesabu mpaka ulipozimika. Nikamuuliza: gesi na glasi vimefanya kazi gani inayofanana? Akafikiri kidogo, akasema vyote vimeizuia hewa. Hapo nikamwachia nafasi Mama Kulwa, ambaye alilaza sinia juu ya karai tupu, baridi, akimwonyesha mkono unaanzia wapi na kwa nini hauinamii juu. Milembe akarudia mpaka mwendo ukamkaa.

Onyesho la chupa hatukulifanya. Sipingi lifanywe, ila liitwe jina lake: kuzima kwa maji, na mwanafunzi aseme mwenyewe ni moto gani usiofaa kuzimwa hivyo. Mafuta yanayowaka hatukuyaonyesha, na simshauri mwalimu wala mzazi yeyote ayaonyeshe nyumbani, hata kijiko kimoja.

Kwenye daftari Milembe aliifuta sentensi yake akaandika nyingine: *Moto ukikosa hewa unazimika. Mafuta yakiwaka yafunikwe, yasimwagiwe kitu.* Nilimsihi aipeleke kwa mwalimu wake, naye ameliomba darasa zima liijadili.

Limebaki suala la mfuniko. Sinia lilisaidia, lakini lilikuwa dogo, jembamba na halina pa kushikia. Mama Milembe amechongesha mfuniko kwa fundi wa mabati: bapa, unaozidi ukingo wa karai kwa vidole vinne kila upande, na mpini mrefu wa mbao uliofungwa pembeni badala ya katikati, ili mkono usipite juu ya moto. Unakaa ukutani upande wa mlangoni, mbali na jiko, mtu asilazimike kuupitia moto kuufuata. Mama Kulwa ameshaagiza wake, na amemwambia fundi auongezee uzito kidogo, maana wa kwanza upepo wa ziwani unautikisa.